Gemu ya Safari ya Ulaya ya mwaka 1759: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Hapa yamekusanywa maswali ambayo watu wanayarudia kila wakikutana na ile ramani ya zamani ya Ulaya yenye namba juu ya miji. Tumeanza na mepesi, yale ya kubishania yako chini. Kama jibu limeshatolewa sehemu nyingine utaelekezwa huko, haturudii.

## Mambo ya mwanzo

Hii gemu ni nini hasa?

Ni ramani ya Ulaya iliyochapishwa London mwaka 1759, imepakwa rangi kwa mkono, na kwenye miji na nchi kumewekwa namba kuanzia 1 mpaka 77. Jina lake ni A Journey through Europe, or the Play of Geography. Unasogeza kete yako kutoka namba hadi namba, na wa kwanza kutia mguu London, namba 77, ndio mshindi. Kanuni zimechapwa hapohapo pembeni mwa ramani kwa hiyo huhitaji kijitabu, kila kitu kiko kwenye karatasi moja.

Nani aliitunga?

Mwalimu mmoja anaitwa John Jefferys, alikuwa anafundisha Westminster, mwandiko mzuri, hesabu za biashara na jiografia. Mwenyewe kajiandika hivyo kwenye ramani, kataja na nyumba yake ambako gemu ilikuwa inauzwa, maana yake karatasi yenyewe ilikuwa tangazo la darasa lake, mzazi akinunua gemu anajua na mwalimu anapatikana wapi. Ujanja wa biashara huo ulikuwepo kitambo.

Usimchanganye na Thomas Jefferys, hilo lina swali lake kule mwisho.

Ndio gemu ya kwanza ya ubao duniani?

Hapana bwana, wala haikaribii. Bao na michezo mingine ya kete ina umri mkubwa mno kulinganisha na huu. Hata ukisema gemu za jiografia peke yake bado siyo ya kwanza, kwa sababu Ufaransa tayari mwaka 1645 Pierre Du Val, aliyekuwa mwanajiografia wa mfalme, alitoa Le Jeu du Monde, ina vituo 63 na kila kituo ni nchi, na cha mwisho, bila mshangao wowote, ni Ufaransa.

Unachoweza kusema bila kubishiwa sana ni kwamba hii ya Jefferys ni kati ya gemu za zamani kabisa za Uingereza zenye mtunzi anayejulikana na tarehe kamili, na ndiyo iliyofungua mlango kwa zile nyingi zilizofuata London.

Tunajuaje tarehe kamili?

Imeandikwa kwenye karatasi, 14 Septemba 1759. Siyo kwamba Jefferys alikuwa mtu wa kumbukumbu sana, ni sheria. Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kulinda michoro ya kuchongwa kwenye bamba iliyoanza kufanya kazi mwaka 1735, na ukitaka ikulinde lazima jina la mwenye mchoro na tarehe ya kuutoa vichongwe kwenye bamba lenyewe. Ndio maana gemu nyingi za wakati ule zina siku, mwezi na mwaka, wakati vitabu vya wakati huohuo vina mwaka tu.

Halafu angalia tarehe yenyewe. Jana yake, 13 Septemba, Waingereza walikuwa wamepigana na Wafaransa nje ya Quebec kule Kanada, na habari ilikuwa bado iko baharini inakuja. Yaani mtoto wa London anachezea safari ya Ulaya wakati nusu ya Ulaya iko kwenye Vita ya Miaka Saba na kupita Ufaransa kwa Mwingereza ilikuwa shughuli.

Zanzibar, Mombasa au sehemu yoyote ya kwetu zimo?

Hazimo. Ni Ulaya tu. Kuna gemu za baadaye zilizozunguka dunia nzima, tazama swali la ndugu zake hapo chini, lakini ukiona mtu anauza "Jefferys 1759" yenye Afrika nzima ndani yake, achana naye.

## Namna ya kucheza

Kanuni zake ngumu?

Ukishacheza ludo au nyoka na ngazi umeshamaliza nusu ya kazi. Jefferys anasema mwenyewe kwamba inachezwa kama mchezo wa bata bukini, ambao kila mtu Uingereza alikuwa anaujua. Huo bata bukini ulitoka Italia karne ya 16, na London ulisajiliwa rasmi mwaka 1597, una vituo 63 vilivyojizungusha kama ganda la konokono, kuna daraja linalokuvusha mbele, nyumba ya wageni unakolala ukakosa zamu, kisima, gereza, na kifo kwenye namba 58 ambacho kinakurudisha mwanzo kabisa.

Kwa hiyo yale yasiyoandikwa kwenye ramani unayachukua huko. Mawili ndiyo yanaulizwa sana. La kwanza, ukitua penye mtu, yeye anaondoka anaenda pale ulipotoka wewe. La pili, mwisho lazima uingie kwa namba kamili, ikizidi unarudi nyuma kwa kiasi kilichozidi, na hapo ndipo gemu inapochelewa kuisha na watu wanaanza kununiana.

Ukifika Roma kinatokea nini?

Hili ndilo swali linaloongoza, na haki yake. Roma ni namba 48. Kanuni inasema ukitua pale, kwa kosa la kubusu kidole cha mguu cha Papa, unafukuziwa namba 4 kwenye kisiwa cha baridi cha Iceland na unakosa zamu tatu.

Piga hesabu uone ukali wake. Ulikuwa umebakiza hatua 29 uingie London, sasa unazo 73, na kabla hujazianza wenzako wanacheza mara tatu wewe unawatazama. Hakuna adhabu ya ajali wala ya hali ya hewa hapo, ni adhabu ya dini. Uingereza ya 1759 ilikuwa nchi ya Kiprotestanti na Wakatoliki walikuwa bado wamefungiwa milango mingi ya kiserikali, na mtoto anajifunza hilo bila mtu kumhubiria, anajifunza kwa kupigwa hatua 44 nyuma.

Na Hanover?

Hanover ni 28. Ukitua pale, kwa amri ya Mfalme wa Uingereza, unapelekwa moja kwa moja Gibraltar, namba 54, kuwasalimia wananchi wenzako wanaolinda ngome kule.

Hapa lazima ujue mambo mawili ya kisiasa. Mfalme George wa Pili alikuwa pia ndiye mtawala wa Hanover, Ujerumani, kwa hiyo mji ule ulikuwa kama wa nyumbani. Na Gibraltar Waingereza waliichukua mwaka 1704 na Wahispania hawakuacha kuidai. Sasa kanuni moja fupi imekushonea vyote viwili.

Ila kuna kitu watu wengi wanakipita. Kutoka 28 hadi 54 siyo tu kwamba umepewa hatua 26 za bure, umerukishwa Roma. Aliyepita kwa mfalme hakutani na Papa kabisa. Kama Jefferys alipanga makusudi au namba zimejipanga tu hivyo sijui, lakini ukicheza utaona mtu aliyetua Hanover anavyocheka.

Kuna zawadi nyingine?

Ipo, ukitua kwenye mji anaokaa mfalme unazungusha tena. Ina raha yake kwa sababu inakulazimisha ujue wafalme wa Ulaya wanaishi wapi, na mwalimu akiwa pembeni atakuuliza "mfalme gani?" kabla hajakuruhusu.

Kwa nini hawatumii dadu?

Dadu ilikuwa na jina baya, ilikuwa ya kamari na vilabuni, na mzazi mwenye kujiheshimu hakutaka mtoto wake ajifunze jiografia kwa kifaa cha walevi. Juu ya hapo dadu zilikuwa zinatozwa kodi ya serikali Uingereza. Kwa hiyo gemu za watoto zikawa zinachezwa na pia, ile ya kuzungusha kwa vidole, ila yenye pande bapa zenye namba, ikilala upande mmoja unasoma namba iliyoko juu.

Ukweli ni kwamba bahati ni bahati tu, pia na dadu zinafanya kazi ileile. Bata bukini wenyewe watu wazima walikuwa wanaucheza kwa kuweka pesa mezani.

Naweza kutengeneza pia yangu?

Rahisi sana. Chukua kadibodi ngumu, jalada la nyuma la daftari kubwa linafaa, chora umbo la pande sita lenye upana wa kama sentimita nne au tano, kata kwa uangalifu pande zilingane, maana upande mrefu zaidi ndio utakaolaliwa kila mara na utabishana na watu. Chora mistari kutoka kona hadi kona, pale inapokutana ndio katikati. Andika 1 mpaka 6, toboa katikati kwa sindano, pitisha kijiti cha meno, acha kidogo chini na kirefu juu, weka tone la gundi. Zungusha juu ya meza tupu isiyo na kitambaa. Ikilala, usome namba ya upande uliogusa meza, kwa hii ya kadibodi ni rahisi zaidi hivyo, muhimu mkubaliane kabla hamjaanza.

Ikiyumba sana ujue tundu haliko katikati, tengeneza nyingine tu, usihangaike kuirekebisha.

## Kujifunza

Kweli mtoto anajifunza jiografia au ni danganya toto?

Anajifunza, lakini siyo kila anachofikiri mzazi. Anajifunza kwamba Gibraltar iko chini kule mlangoni mwa Mediterania na Iceland iko juu peke yake baharini, kwa sababu amepelekwa huko kwa nguvu. Miji aliyoipita bila kisa hatoikumbuka wiki ijayo. Gemu ya Jefferys ina visa vichache, na katikati ya kisa na kisa ni kuhesabu tu.

Waliokuja baadaye waliliona hilo. Marekani mwaka 1822 kampuni ya F. & R. Lockwood ya New York ilitoa The Traveller's Tour through the United States, ina miji 139, na kanuni yake ni kwamba ukizungusha pia huendi popote mpaka utaje jina la mji unaokwenda, kwa kichwa. Hukumbuki, unabaki ulipo. Hii kwangu ndiyo kanuni bora kuliko zote za familia hii ya gemu, na hakuna anayekukataza kuihamishia kwenye ya Jefferys, ficha orodha ya majina halafu uone nani anaijua ramani na nani alikuwa anasukuma kete.

Zilikuwa za watoto gani?

Wa wenye nazo. Karatasi ya kuchongwa bamba na kupakwa rangi kwa mkono haikuwa kitu cha mtoto wa mchukuzi. Vijana wa kiume wa familia tajiri walikuwa wakishakua wanapelekwa kuzunguka Ufaransa na Italia, miezi au hata miaka, na gemu hii ilikuwa kama mazoezi ya ile safari. Wasichana ambao wengi wao wasingepelekwa popote nao walicheza.

Kama unataka kuona nani alikuwa anafikiriwa, soma kanuni za John Wallis wa London miaka ya 1790. Kila mchezaji anapewa kete moja kubwa inayoitwa msafiri, na nne ndogo za rangi ileile zinaitwa watumishi. Ukikosa zamu mbili unaweka chini watumishi wawili, kila zamu ikipita unamchukua mmoja. Yaani mtoto wa miaka minane tayari ana watumishi wanne, na kazi yao ni kuhesabu muda wake uliopotea!

## Ndugu zake

Nyingine za aina hii ni zipi?

Ni nyingi, nitataja zile zinazoulizwa. Wallis alitoa safari ya Uingereza na Wales mwaka 1794, vituo 117, nayo inaishia London. Ile ina Isle of Man ambako meli yako inavunjika na gemu kwako imekwisha, hakuna kurudi wala kusubiri, unakaa pembeni. Mwaka 1796 akatoa ya kuzunguka dunia. William Spooner naye alikuwa na ya Ulaya mwaka 1842, na kufikia miaka ya 1850 John Betts anauza ziara ya makoloni ya Uingereza, na hapo picha imebadilika kabisa. Jefferys alikuwa anampeleka mtoto kwa majirani, Betts anamtembeza kwenye mali.

Chemshabongo za ramani, zile jigso, ni ndugu pia?

Ni ndugu wa damu. John Spilsbury wa London, miaka ya 1760, alikuwa anabandika ramani kwenye ubao mwembamba na kuukata kwa kufuata mipaka ya nchi, mtoto anaunganisha. Zilitumika mpaka ikulu, Lady Charlotte Finch aliyekuwa mlezi wa watoto wa Mfalme George wa Tatu alikuwa na kabati zima la ramani hizo na kabati lipo hadi leo.

Na ile ya Nellie Bly?

Hiyo ni mjukuu, siyo ndugu. Nellie Bly alikuwa mwandishi wa gazeti la New York World, aliondoka 14 Novemba 1889 kuzunguka dunia akarudi 25 Januari 1890, siku 72, akipitia Suez, Aden na Colombo. Kesho yake gazeti likachapa gemu ya safari yake, kisha McLoughlin Brothers wakaitoa kwenye boksi. Vituo vinafuata siku za safari kwa mzunguko. Ina uzuri wake, picha ni kali kuliko za Jefferys, ila kama somo la ramani ni dhaifu kwa sababu hakuna ramani, kuna mduara wa vyumba tu.

## Kuipata, kuitambua, kuitunza

Naweza kuiona wapi?

Makumbusho ya V&A London wanayo na picha yake iko kwenye mtandao wao. Kwa kuchezea nyumbani hiyo inatosha. Mchoro wenyewe una zaidi ya miaka 260, hauna mwenyewe tena, lakini makumbusho nyingi zina masharti yao juu ya picha walizopiga wao, hasa ukitaka kuuza nakala, kwa hiyo soma kwanza.

Nimeikuta kwa mtu, nitajuaje kama ni ya kweli?

Usianze na rangi ya karatasi, chai inaweza kuifanya karatasi ya jana ionekane ya zamani. Anza na lenzi. Ukiona vidoto vidogovidogo vilivyojipanga ndani ya rangi hiyo imetoka kwenye mashine ya kisasa, mjadala umefungwa. Ya zamani mistari yake imechongwa, wino umekaa juu ya karatasi kiasi kwamba wakati mwingine unausikia kwa kidole, na rangi ya brashi inavuka mpaka wa nchi hapa, haifiki pale, kwa sababu ni mkono wa mtu aliyekuwa na karatasi nyingi za kumaliza siku ile.

Kisha tafuta alama ya bamba, yaani ukingo uliobonyea kuzunguka mchoro, ingawa kama kingo zimekatwa haitakuwepo. Inua karatasi kwenye mwanga, za miaka ile mara nyingi zina mistari inayopitana ya ule wavu wa kutengenezea. Mwisho geuza nyuma. Gemu nyingi za London zilikatwa vipande vya mstatili vikabandikwa kwenye kitani zikunjwe ziingie kwenye mfuko wake wa kadi, kwa hiyo kuona imekatwakatwa siyo uharibifu, ndivyo ilivyouzwa.

Kete na pia hazimo, imepoteza thamani?

Zimepotea karibu kwa wote. Watu wanauliza bei, na hapa hatutaji bei, ila karatasi, maandishi ya kanuni yanayosomeka yote na mfuko wake ndivyo vinavyoangaliwa kwanza. Kete yoyote mnunuzi atapata kwingine.

Imechanika kwenye mkunjo, niweke seloteipu?

Usiweke! Gundi yake inaingia kwenye karatasi, inageuka kahawia, na fundi wa karatasi atakuja kukutoza zaidi kuitoa kuliko kuziba ule mpasuko. Usiitie plastiki ya moto vilevile. Iweke bapa kwenye bahasha ya karatasi isiyo na asidi, mbali na jua na mbali na ukuta wenye unyevu, na kama uko pwani ambako kila kitu kinapata kutu na ukungu, iangalie mara kwa mara. Kuchezea, tumia nakala.

## Mengine ya pembeni

Thomas Jefferys na John Jefferys ni mtu mmoja?

Wawili tofauti. Thomas alikuwa mchoraji ramani mkubwa wa London, na ndiye aliyemfundisha kazi Spilsbury wa zile jigso. John ndiye mwalimu wa Westminster. Wauzaji huwachanganya kwa sababu jina la Thomas linapandisha bei.

Kanuni ya Papa, tuichezeshe hivyohivyo shuleni?

Inategemea darasa. Wapo wanaoibadilisha kabisa wakaandika umepoteza pasipoti. Mimi ningeiacha kama ilivyo kwa wanafunzi wakubwa na kuwauliza nani aliandika na aliishi wapi, kwa wadogo ningeibadilisha, maana utatumia kipindi kizima kueleza kidole.

Tunataka kutengeneza ya kwetu, tuanzie wapi?

Anzeni na njia iliyopo tayari, msichore duara hewani. Reli ya kati ni nzuri: Dar es Salaam, Morogoro, Kilosa, Dodoma, Manyoni, Tabora, Kigoma, na katikati mnajaza stesheni ndogo. Msiweke visa kila kituo, kimoja kila baada ya vituo saba au nane kinatosha, na kila kisa kimpeleke mtu mahali halisi. "Rudi hatua tatu" haimfundishi mtu kitu. "Umepanda treni ya Mwanza kwa bahati mbaya pale Tabora, shuka Shinyanga" hiyo ataikumbuka, na atalazimika kuitafuta Shinyanga kwenye ramani kwanza.

Tukiwa wawili tu inanoga?

Inachosha kidogo. Mtu mmoja akikosa zamu tatu Iceland mwenzake anazungusha peke yake kama anayecheza na kivuli. Watatu au wanne ndio sawa, zaidi ya sita foleni inakuwa ndefu na wadogo wanaondoka mezani.